Mjukuu Wangu Ameitwa Sixten

(Barua hii ililetwa ofisini kwa mkono siku ya Jumatano, na kwa sababu mwandishi alikuwa na siku tatu tu, nilimwandikia jibu siku ileile na kumpa aliyeileta. Tunazichapisha zote kwa ruhusa yake.)

Mpendwa mshauri Mama Bertilla, naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu tangu Jumapili. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mkulima wa mahindi na ulezi huku Kaengesa. Mume wangu Abeli alifariki miaka miwili iliyopita akaniachia watoto watatu. Wa kwanza ni Dominiko, tulimpa jina la baba yake Abeli, naye Mungu amemjalia mabinti watupu. Wa pili ni mtawa, kwa hiyo huko hakuna la kutegemea. Wa mwisho ni Kristiana, huyo tulimsomesha uuguzi kwa kuuza ng'ombe mmoja mmoja, akapata nafasi ya kusoma zaidi Uswidi na huko akapendwa na kijana anaitwa Mattias. Ni kijana mpole, sina ubaya naye, walikuja kufunga ndoa hapahapa parokiani kwetu Abeli akiwa bado hai, akacheza mpaka kofia ikadondoka.

Siku tuliyomzika Abeli nilisimama mbele ya watu nikasema jina lake halitapotea, Kristiana akizaa mtoto wa kiume ataitwa Abeli, na watu wote wakaitikia, na Kristiana mwenyewe alikuwepo akilia, hakukataa. Sasa mwaka huu mwezi wa pili akajifungua salama mtoto wa kiume, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja, na siku ya tatu akanipigia ile simu ya kuonana uso nikamwuliza, "Abeli wangu anaendeleaje?" Kristiana akasema, "Mama, ataitwa Sixten." Nikasema, "Siksti nini?" Akasema, "Sixten, mama. Ni jina la Kiswidi la zamani. Ni la baba yake Mattias, si unajua amefariki juzi tu mwezi wa kumi na mbili." Nikamwuliza, "Na baba yako wewe hakufa?" Akasema, "Baba yumo, mama. Ni jina la pili. Sixten Abel." Mimi nikamjibu kwamba jina la pili ni kama mke wa pili, anakaribishwa sherehe ikishaisha, na nikakata simu, na baada ya hapo kwa wiki tatu nilikuwa naiona inaita naiacha.

Mshauri, labda ningezoea, kwa sababu mtu hulizoea hata jino bovu, lakini mwezi huu wa saba wakaja kututembelea kwa wiki tatu, Kristiana na Mattias na mtoto wa miezi mitano, na wakaja na mama yake Mattias, mjane kama mimi, anaitwa Gunilla. Ana miaka sitini na sita, mrefu, mwembamba. Siku ya kwanza alifundishwa kuamkia akawa anamwamkia kila mtu shikamoo hata watoto wa shule, akaniamkia na mimi niliye mdogo wake kwa miaka saba. Badala ya kumsahihisha nikaitikia marahaba nikafurahi moyoni kwamba angalau hapo nimempita. Ndivyo nilivyoanza, nakuambia ukweli wote.

Kilichofuata ni kwamba kila nilichotaka kumfanyia mjukuu wangu nilikuta Gunilla ameshakifanya. Naamka kuchemsha maji ya kumwogesha, nakuta yule mama amepiga magoti mbele ya beseni anapima maji kwa kiwiko, na mimi ndiye niliyeogesha watoto wa nusu ya kitongoji hiki. Namfunga mgongoni kwa kanga, analia anajipinda, Gunilla anamchukua anamweka kifuani kwa lile begi lao la kubebea mtoto, ananyamaza palepale. Namwita "Abeli, Abeli," mtoto anaangalia kuku, halafu yule mama anasema kwa sauti ya chini "Sixten," na mtoto anageuza kichwa na kucheka na mafizi yote. Majirani nao hawakunisaidia, Valeria wa nyumba ya jirani alikuja kumwona akaniuliza, "Mama Kristiana, hiyo siksti ni jina au ni umri?" wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini nilitamani ardhi ipasuke.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Gunilla alikuja na sweta la sufu la rangi ya bluu alilolifuma mwenyewe, na kifuani amefuma lile jina kwa herufi nyeupe, na kwa baridi yetu ya mwezi wa saba mtoto alivishwa kila siku, kwa hiyo kila nikimpakata nasoma SIXTEN. Siku moja nikajitolea kufua, Kristiana akaniambia, "Mama, hilo maji ya baridi tu," nikasema sawa mwanangu, nikaenda nyuma ya jiko nikalitumbukiza kwenye maji ya moto kabisa nikalisugua, likatoka dogo la kumtosha kifaranga. Nikasema jamani, sikujua, mambo ya kizungu haya. Gunilla akalishika akalitazama, akasema "hakuna shida" kwa Kiswahili chake, akaenda chumbani.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Shemeji yangu Kornel, mdogo wake Abeli, anakaa Mwazye ambako ndiko kwenye makaburi ya ukoo wao na ndiko Abeli alikozikwa, na yeye alikuwa ananipigia simu kila siku ananiambia, "Shemeji, mlete mtoto kaburini tumtaje jina, likishatajwa pale limetajwa, huko kwao waandike wanavyotaka." Jumapili iliyopita baada ya misa nikamwambia Kristiana nampeleka mtoto kwa Valeria, narudi sasa hivi, alikuwa ametoka kumnyonyesha, akasema sawa. Nikamfunga mgongoni, nikazima simu, nikapanda bodaboda. Mshauri, nilimpeleka mtoto wa miezi mitano mpaka Mwazye kwa pikipiki katika upepo ule, na njia nzima nilikuwa najiambia huyu ni damu yangu, siibi.

Tukafika. Kornel alikuwa ananingoja na wazee wawili. Tukasali Baba Yetu na Salamu Maria, nikamlaza mtoto juu ya saruji ya kaburi, nikasema, "Baba Kristiana, huyu hapa Abeli mwenzako." Nilidhani nitasikia raha, nilingoja niisikie. Mtoto akaanza kulia kwa ile baridi ya saruji, halafu akalia kwa njaa, na mimi maziwa nitoe wapi, tukaenda kwa Kornel nikamlambisha uji mwembamba wa ulezi, ambao Kristiana alikuwa ameshaniambia mara tatu kwamba bado hajaanza. Wakati wa kurudi pikipiki ikapata pancha, tukakaa barabarani, na simu nikaogopa kuiwasha.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja jioni, tuliondoka saa tano asubuhi. Uwanja umejaa watu. Mattias alikuwa ameenda kutoa taarifa polisi. Kristiana blauzi yote imelowa maziwa mbele, alipomwona mtoto alimnyakua mgongoni kwangu hata kanga haijafunguliwa vizuri. Gunilla alikuwa amekaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyefiwa.

Kristiana akaniuliza, "Simu ulizima mwenyewe?"

Nikasema, "Nimempeleka kwa baba yako akatajwe jina lake."

"Jina analo, mama! Analo! Limeandikwa kwenye pasipoti, njoo nikuonyeshe!"

"La pili," nikasema.

Akasema, "Mama, wewe hukumpeleka mtoto kwa baba. Ulimwiba."

Jioni ileile wakafungasha wakahamia nyumba ya wageni mjini Sumbawanga. Simu zangu hapokei. Jumamosi wanaondoka kurudi kwao na sijui nitamwona tena lini. Gunilla alitoka wa mwisho, akaja akanishika mikono yote miwili, macho mekundu, hakusema neno. Angenitukana ningepata pa kushikia. Kornel anasema niende na wazee wa ukoo tukadai jina, kwamba ni haki yetu. Je, mshauri, jina si haki yetu? Niende na wazee, au niwaache waende? Nijibu haraka, naomba.

Ni mimi,
Bibi wa Kaengesa

JIBU

Mama Kristiana, pole. Kupoteza mume, halafu mtoto akaishi mahali usipoweza kufika kwa miguu wala kwa basi, si jambo dogo, na anayekuambia uzoee hajawahi kulipitia. Nimeshasema pole. Sasa kaa vizuri tuongee.

Unauliza kama jina ni haki yenu. Nakuuliza mimi: mwanao wa kwanza anaitwa nani? Umeandika mwenyewe, Dominiko, jina la baba yake Abeli. Mama yako mzazi siku hiyo hakuwa na mtu wa kumrithisha jina? Alikuwa naye, nina hakika, na alinyamaza, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina upande wa baba yake. Kristiana angeolewa karibu, tuseme Ilemba, wakwe wakampa mtoto jina la babu yao marehemu, ungemfuata mtoto na pikipiki? Ungepika, ungekula, ungerudi nyumbani. Kwa hiyo hao wageni, bila kujua, wamefuata desturi yako kuliko wewe. Ulichoapa mbele ya kaburi uliapa kwa mdomo wako juu ya tumbo la mtu mwingine, na binti aliyekuwa anamlilia baba yake ulitaka akukatalie pale pale?

Tena wamekuongezea Abeli juu yake. Hawakulazimishwa. Wewe ukaliita mke wa pili.

Hebu tuliite jambo kwa jina lake. Huu ni wivu, na wala si wivu wa jina. Wewe unamwonea wivu Gunilla kwa sababu yeye anamwogesha mtoto mwaka mzima na wewe umepewa wiki tatu. Hilo linauma kweli, silidharau hata kidogo. Lakini mtoto angeitwa Abeli mara kumi bado angepanda ndege. Ulikuwa unagombania kitu ambacho hata ukikishinda hakikupi unachokitaka, na wewe mwenyewe ulikigundua pale kaburini uliposubiri raha isije.

Na la Jumapili nitalisema bila kuzunguka. Mtoto anayenyonya, saa sita nzima, pikipiki, baridi, simu imezimwa. Binti yako ni muuguzi, saa zile zote alikuwa anajua kila kinachoweza kumpata mtoto. Alichokuambia ni kweli. Usimtafutie neno laini zaidi.

Sasa fanya hivi. Kornel na wazee wake wabaki Mwazye. Ukiingia mjini na baraza la ukoo, utamkuta binti yako ameshapanda gari. Nenda kesho Alhamisi, peke yako. Ukifika usikimbilie mtoto, hata akiwa mbele yako usinyooshe mkono mpaka mama yake akupe. Mwombe Kristiana msamaha mbele ya mumewe, useme ulichokosa: nilidanganya, nilizima simu, nilimlisha ulichonikataza. Usiweke neno "lakini" popote. Halafu mgeukie Gunilla umwamkie wewe, shikamoo kamili, kwa sababu ni mkubwa wako na ulilijua hilo tangu siku ya kwanza. Mwambie habari ya sweta. Ndiyo, hiyo hiyo. Usipoisema utaibeba mpaka kaburini na ni mzigo wa kijinga kwa mtu mzima.

Na mwulize Gunilla marehemu mumewe alikuwa mtu wa namna gani. Umeishi na huyo mama siku zote hizo, mjane mwenzako wa miezi saba tu, na katika barua yako yote sioni mahali ulipomwambia pole.

Fanya kesho. Keshokutwa utakuwa umepata sababu ya kutokwenda.

UJUMBE WAKE WA JUMAPILI

Mshauri, nilikwenda. Nilipanda gari la Noah la asubuhi, njiani nikataka kushuka mara mbili. Kristiana alitoka akanikuta mapokezi, akasema, "Shikamoo, mama," kama mtu anayemwamkia mwalimu. Nikasema yote kama ulivyoniagiza, neno "lakini" lilinijia mdomoni nikalimeza. Mattias akasema amesamehe, Kristiana akasema, "Nimesikia, mama." Alisema hivyo tu.

Nikamwamkia Gunilla, Kristiana akatafsiri habari ya sweta. Gunilla akafumba macho, nikasema leo nimekwisha, kumbe anacheka. Akasema alijua tangu siku ile, kwamba amefua sufu miaka hamsini na haiwi vile kwa bahati mbaya. Nikaona aibu mpaka miguuni.

Nikampa pole ya mumewe, nikamwuliza alikuwa nani. Akasema alikuwa dereva wa treni, mtu wa maneno machache, anaogopa mbwa. Halafu akasema jambo ambalo Kristiana alilitafsiri polepole. Kwamba marehemu aliagiza achomwe, na majivu yakazikwa kwenye bustani ya watu wote, haina jiwe wala jina, na hata yeye mkewe haonyeshwi ni wapi. Alikubali kwa sababu alimpenda. "Lakini sina mahali pa kumpeleka mtoto nikamwambia, babu yako ni huyu. Jumapili nilikuwa nimekasirika sana, na nilipoambiwa ulimpeleka wapi, nikakuonea wivu."

Mshauri, mimi nilidhani wivu wote uko kwangu.

Akaniomba twende naye kwa Abeli. Ijumaa tukakodi gari, tukaenda wote mpaka Mwazye, mtoto amefunikwa vizuri kwa mama yake. Gunilla alisimama pale muda mrefu anazungumza Kiswidi na kaburi la mume wangu. Nikamwuliza Kristiana anasema nini. Akasema, "Anamweleza baba habari za Sixten, mama. Anasema wangeelewana, wote walikuwa hawapendi kelele." Abeli kelele alikuwa anazipenda sana, ila sikumsahihisha.

Jana wameondoka. Kristiana alinikumbatia. Bado ana kinyongo, nakiona, mkono mmoja ulikuwa umelegea. Nifanye nini tena?

NENO LA MWISHO

Mama, umefanya vizuri, na kinyongo hicho ni halali yake, usimharakishe. Kila Jumapili baada ya misa piga simu wewe, usingoje kupigiwa. Mwulize Kristiana yeye ameamkaje kabla hujamwulizia mtoto. Mtoto akiwa amelala usiombe aamshwe. Gunilla akiwepo mpe salamu yake ya heshima. Kornel akileta tena maneno ya ukoo, mwambie limekwisha, na liwe limekwisha kweli.

Na Valeria akija tena uwanjani kukuuliza mjukuu anaitwa nani, mtajie majina yote mawili, uanze na la kwanza. Akicheka, mkalishe chini umfundishe kulitamka mpaka aweze.